Juzuu Moja Moja au Mkusanyo?

Mwanzoni mwa muhula huu mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, anayechunguza namna vita vinavyokumbukwa katika vitabu vya watoto, aliniletea orodha ya vitabu ambavyo angependa idara imwagizie. Miongoni mwavyo kilikuwamo Hadashi no Gen, hadithi ya picha ya Keiji Nakazawa kuhusu bomu la Hiroshima. Pembeni mwa jina la kitabu alikuwa ameandika kwa penseli: "Mwalimu, tuagize juzuu moja moja au mkusanyo?"

Nililichukulia kuwa swali la mhasibu, kwa kuwa fungu letu la vitabu ni dogo na usafirishaji hutugharimu kuliko vitabu vyenyewe. Lakini kadiri nilivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kuwa swali la historia, na mwishowe swali la siasa. Ndiyo maana nimeona nilijibu hapa hadharani badala ya kumjibu kwa sentensi moja ofisini.

Kwanza neno lenyewe. Sisi wa Kiswahili tukisikia "manga" tunaikumbuka pilipili, na nchi ya Arabuni zilikotoka jahazi za Wamanga. Manga ya Wajapani haihusiani na hiyo. Ni hadithi inayosimuliwa kwa picha na maneno, yenye wasomaji wa kila rika, na yenye utaratibu wake wa uchapishaji ambao ni lazima ueleweke kabla ya kuulizana tununue nini.

Katika utaratibu huo, kitabu si mwanzo wa hadithi. Hadithi huanza katika jarida. Tarehe 17 Machi 1959 wachapishaji wawili wa Tokyo walitoa siku moja majarida mawili ya kila wiki kwa ajili ya wavulana, Shonen Magazine na Shonen Sunday, moja kwa yeni 40 na jingine kwa yeni 30. Kabla ya hapo kulikuwa na majarida ya kila mwezi, vitabu vya bei nafuu vilivyochapwa Osaka baada ya vita, na maduka ya kuazimisha vitabu kwa malipo kidogo. Jarida la kila wiki lilibadili mwendo. Mchoraji alipaswa kutoa kurasa zake kila juma, akiwa mzima au mgonjwa, na hadithi isiyopendwa iliondolewa upesi. Karatasi yake ilikuwa duni, wino hafifu, na aliyemaliza kulisoma ndani ya treni aliliacha hapo hapo. Shonen Jump, lililozaliwa mwaka 1968, lilifikia nakala milioni 6.53 kwa toleo moja mwishoni mwa mwaka 1994. Sehemu kubwa ya nakala hizo iliishia kwa wakusanya karatasi taka.

Kinachobaki ni juzuu. Sura kadhaa zilizokwisha kutoka jaridani hukusanywa katika kitabu kidogo chenye jalada la rangi na namba mgongoni, nacho hutoka kila baada ya miezi michache wakati hadithi bado inaendelea jaridani. Mtindo huu ulishika mizizi katikati ya miaka ya 1960, na ndio uliogeuza uchumi wa kazi hiyo, maana jarida likawa kama meza ya kuonjea na juzuu zikawa bidhaa. Mrabaha wa mchoraji hutokana na juzuu.

Baadaye sana, hadithi ikiisha na watoto walioisoma wakawa watu wazima wenye mishahara, huja mikusanyo. Lipo toleo la mfukoni, dogo, lenye kurasa nyingi. Lipo toleo kamili, kubwa, lenye karatasi nzuri, ambamo kurasa zilizokuwa za rangi jaridani hurudishiwa rangi zake. Slam Dunk ya Takehiko Inoue ilitoka kwanza kwa juzuu 31. Toleo kamili likawa na juzuu 24. Na mwaka 2018 likaja toleo jingine la juzuu 20, lenye majalada mapya na lililokatwa upya ili juzuu zifuate mwendo wa mechi zinazosimuliwa. Dragon Ball ya Akira Toriyama ilikuwa juzuu 42, ikawa 34. Mtu mwenye kinyongo atasema kuwa msomaji huuziwa kitabu kimoja mara tatu. Sina hoja ya kumpinga, ila nitaongeza kwamba si kitabu kimoja.

Hapo ndipo kazi ya mwanahistoria inapoanza. Katika juzuu ya mwisho ya toleo kamili la Dragon Ball, Toriyama alizibadili kurasa za kumalizia. Aliyesoma juzuu za awali na aliyesoma mkusanyo wamemaliza hadithi ile ile kwa kurasa zisizofanana. Jambo hilo ni dogo. Mfano mkubwa ni Osamu Tezuka, ambaye Wajapani wengi humwona kuwa baba wa manga ya baada ya vita.

Mwaka 1947, akiwa bado kijana mwanafunzi wa udaktari, Tezuka alichora Shin Takarajima kwa kushirikiana na Shichima Sakai. Wachoraji wengi wa kizazi kilichofuata walisema kitabu hicho ndicho kilichowavuta katika kazi. Miaka thelathini baadaye kampuni ya Kodansha ilianza kukusanya kazi zake zote, mradi uliofikia juzuu 400 na kumalizika mwaka 1997, miaka minane baada ya kifo chake. Ilipofika zamu ya Shin Takarajima, Tezuka hakukubali kitabu cha zamani kichapwe kama kilivyokuwa, kwa maelezo kwamba mwenzake alikuwa ameigusa michoro yake. Alikichora upya chote, na hicho kipya ndicho kilichoingia katika mkusanyo mwaka 1984. Kwa hiyo kwa robo karne msomaji wa kawaida aliyetaka kujua kitabu kilichoanzisha zama mpya alipewa kitabu cha mzee wa miaka hamsini na kitu akijisahihisha. Chapa ya 1947 haikurudi madukani hadi 2009.

Nisieleweke vibaya: mwandishi ana haki ya kujisahihisha. Tezuka alifanya hivyo maisha yake yote, mara kwa sababu za sanaa, mara kwa sababu za jamii. Mwaka 1977 hadithi moja ya Black Jack iliyogusia upasuaji wa ubongo ililalamikiwa vikali na watetezi wa wagonjwa; ilipoingia kitabuni ilikuwa imeandikwa upya. Isitoshe, hadithi za Black Jack hazikupangwa vitabuni kwa mfuatano uleule wa jarida, na toleo la mfukoni nalo lina mpango wake. Anayetaka kujua Tezuka alifikiri nini kuhusu madaktari mwaka 1974 na nini mwaka 1978 hawezi kufungua juzuu akasoma kutoka mbele kwenda nyuma. Atapotea.

Jambo hili halikuanza na Wajapani. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa tunayasoma katika diwani iliyotolewa na Hichens mwaka 1940, karibu karne moja baada ya mshairi kufariki, kutokana na yale aliyoyakusanya Taylor mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mpangilio ni wa wakusanyaji. Bila diwani hiyo tungekuwa maskini. Pamoja nayo, tunasoma beti zilizotungwa kwa ajili ya ugomvi wa siku fulani kana kwamba zilitungwa ili zikae kitabuni.

Sasa nirudi kwa Nakazawa, ambaye kwake swali la mwanafunzi wangu lina uzito wa namna nyingine.

Keiji Nakazawa alizaliwa Hiroshima mwaka 1939. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa amefika shuleni. Ukuta wa shule ulimkinga na mwali wa bomu. Baba yake, dada yake na mdogo wake wa kiume walikufa chini ya nyumba iliyowaangukia na kuungua. Mama yake, aliyekuwa mjamzito, alijifungua mtoto wa kike siku hiyo hiyo, na mtoto huyo naye hakuishi muda mrefu. Nakazawa alihamia Tokyo mwaka 1961 kutafuta kazi ya uchoraji, na kwa miaka kadhaa hakutaka kabisa kuligusa jambo la bomu. Mama yake alipofariki mwaka 1966 na maiti yake kuchomwa kwa desturi yao, mifupa haikusalia kama inavyotarajiwa. Kilichobaki kilikuwa majivu. Alisema baadaye kwamba ndipo hasira yake ilipopata kalamu. Mwaka 1968 alitoa Kuroi Ame ni Utarete, mwaka 1972 akatoa Ore wa Mita, kisa kifupi cha maisha yake mwenyewe, na Juni 1973 Hadashi no Gen ikaanza katika Shonen Jump, jarida lile lile la watoto wa shule, katikati ya hadithi za michezo na vichekesho.

Mwendo wa uchapishaji wake haufanani na niliokwisha kuueleza. Jarida liliacha kuiendeleza hadithi mwaka 1974. Kampuni yenye jarida haikuitoa kama juzuu. Kampuni nyingine ndogo, Chobunsha, ndiyo iliyochapa juzuu nne za kwanza mwaka 1975. Hadithi iliendelea katika jarida la Shimin, kisha katika Bunka Hyoron, jarida la Chama cha Kikomunisti cha Japani, kisha katika Kyoiku Hyoron, jarida la chama cha walimu. Ilipokamilika katika miaka ya 1980 ilikuwa juzuu kumi. Kwa maneno mengine, juzuu nne za kwanza ziliandikwa kwa ajili ya mamilioni ya watoto wenye sarafu mkononi, na zilizofuata kwa ajili ya wanaharakati na walimu. Wahusika hawakubadilika, na mkono uliowachora ulikuwa mmoja, ila msomaji aliyekusudiwa alikuwa mwingine.

Tofauti hiyo huonekana katika yaliyomo. Juzuu ya kwanza, ambayo watu wengi hudhani inahusu bomu, kwa sehemu kubwa inahusu njaa, na majirani wanaomwita baba wa Gen msaliti kwa sababu anapinga vita. Yupo jirani Mkorea, Bwana Pak, anayewatendea wema wakati Wajapani wenzao wamewatenga. Bomu linaanguka karibu na mwisho. Juzuu zinazofuata zinapita katika uozo wa majeraha, yatima, magendo, jeshi la Marekani na tume yake ya madaktari waliowapima wahanga bila kuwatibu. Katika juzuu za mwisho lawama dhidi ya mfalme na dhidi ya ukatili wa jeshi la Japani katika nchi za Asia hutamkwa bila kificho, tena kwa picha. Gen anaondoka Hiroshima kwenda Tokyo, na hadithi inakoma hapo.

Lipo pia toleo la mfukoni la juzuu saba. Ukilishika, mshono kati ya gazeti la watoto na gazeti la walimu hauonekani, kwa sababu juzuu saba hazikatwi pale zinapokatwa juzuu kumi. Kwa msomaji anayetaka hadithi tu, hiyo ni faida: anasoma maisha ya mtoto mmoja bila kukatizwa. Kwa mwanafunzi wangu ni hasara. Mshono ule ndio ushahidi wake.

Hadi hapa ningekuwa nimeshaamua, na ningemwandikia mkutubi aagize kumi. Kilichonisitisha ni yaliyotokea Matsue.

Mwaka 2012 mkazi mmoja alilipelekea baraza la mji wa Matsue, magharibi mwa Japani, ombi la kuondoa Hadashi no Gen katika maktaba za shule, akidai kwamba inawafundisha watoto historia ya uongo. Madiwani walilikataa. Hata hivyo, mwezi Desemba ofisi ya elimu ya mji, kwa hiari yake, iliziomba shule za msingi na za kati zikihifadhi kitabu hicho katika rafu zilizofungwa, na mtoto asikione ila kwa ruhusa ya mwalimu. Sababu iliyotolewa ilikuwa picha kali: kukatwa vichwa na kudhalilishwa kwa wanawake kunakofanywa na askari wa Japani. Picha zilizotajwa zimo katika juzuu za mwisho, lakini zilizofungiwa ni zote. Nakazawa alifariki mwezi huo huo, tarehe 19. Habari zilipofika magazetini Agosti 2013 palizuka malalamiko nchini kote, na tarehe 26 ya mwezi huo bodi ya elimu ikaifuta amri, si kwa kukiri kosa la maudhui, bali kwa kuona kwamba ofisi haikufuata utaratibu ilipotoa agizo bila kuishauri bodi.

Msomaji wa blogu hii ameshakutana na ofisi za namna hiyo, kwa hiyo sitaieleza zaidi. Ninalotaka tulitazame ni umbo la kitabu. Kazi yenye juzuu kumi huweza kuhukumiwa kwa juzuu moja. Huweza pia, na hili ndilo la hatari zaidi, kuokolewa kwa nusu. Ni rahisi mno kwa afisa mwenye nia ya suluhu kupendekeza kwamba juzuu za mwanzo zibaki rafuni, zile za mtoto mwenye njaa na mama mgonjwa, na za mwisho, zile za askari na mfalme, zihifadhiwe kabatini. Kila upande utajiona umepata kitu. Na kilichobaki rafuni kitakuwa hadithi ya taifa lililoonewa, hadithi ambayo Nakazawa alitumia miaka zaidi ya kumi kuikataa.

Matsue haikufanya hivyo. Lakini Hiroshima yenyewe, miaka kumi baadaye, ilitoa mfano wa ugumu uo huo kwa njia nyingine. Kitabu cha mafunzo ya amani cha shule za mji huo kilikuwa na vipande vya Hadashi no Gen kwa ajili ya watoto wa darasa la tatu: Gen akiimba barabarani apate senti, na Gen akiiba samaki katika bwawa la mtu kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Mwaka 2023 bodi ya elimu iliviondoa. Ilisemwa kwamba watoto wa leo hawaufahamu uimbaji ule wa zamani, kwamba wizi wa samaki unaweza kueleweka vibaya, na kwamba kipande kifupi hakitoshi kuonyesha hali halisi bila maelezo marefu. Wengi walikasirika, na nadhani walikuwa na haki. Lakini hoja ya mwisho ya bodi haikuwa ya kipuuzi. Mtoto anayeonyeshwa kurasa tatu za wizi anaona wizi. Anayeisoma juzuu nzima anaona kwa nini samaki yule ni dawa. Tatizo ni kwamba waliotamka hoja hiyo ndio waliokuwa wamekikata kitabu vipande, na tiba waliyoichagua ilikuwa kuviondoa hata hivyo vipande.

Kwa hiyo nilijikuta nina hoja mbili zinazopingana. Kama mwanahistoria nataka juzuu moja moja, maana ndizo zinazobeba alama za wakati wake: mahali zilipokatwa, jalada lililochorwa mwaka ule, maneno ya mwandishi pembeni mwa jalada, ambayo mara nyingi hayafiki kwenye mkusanyo. Kama raia nautamani mkusanyo, maana kitabu kinene kikifungiwa hufungiwa chote, na kikiruhusiwa huruhusiwa chote. Anayetaka kukifunga hana budi kusema wazi kwamba anakifunga.

Kuna na mambo ya mikono, ambayo wasomi hupenda kuyapuuza. Mkusanyo mnene wa picha huumiza macho pale mchoro mmoja unapotandazwa kurasa mbili, kwa sababu katikati yake humezwa na mshono wa kitabu; msomaji akilazimisha kuufungua, gundi huachia, na baada ya muhula mmoja wa kuazimwa kurasa huanza kutoka kama majani ya mgomba. Juzuu ndogo hustahimili. Tena wanafunzi kumi wanaweza kusoma juzuu kumi kwa wakati mmoja, ilhali mkusanyo mmoja huazimwa na mtu mmoja, na katika maktaba yetu mtu huyo akishahitimu kitabu huhitimu naye. Lakini juzuu zina aibu yake: huagizwa kumi zikafika nane. Nimekwisha kuona seti za historia ya bara hili zenye pengo katikati, pengo ambalo halikuzibwa kwa miaka ishirini kwa sababu fungu la mwaka uliofuata lilikuwa la viti.

Niliporudi kwa mwanafunzi nilimpa jibu refu kuliko alivyotaka. Tafsiri ya Kiingereza, iliyoanza kwa juhudi za kundi la watu wa kujitolea lililoundwa Tokyo mwaka 1976, na baadaye ikatolewa yote na Last Gasp ya San Francisco kuanzia 2004, inafuata mgawanyo wa juzuu kumi. Tuagize hiyo. Tuagize zote kumi kwa hati moja ya manunuzi, zipewe namba moja ya maktaba, ziandikwe katika katalogi kama kazi moja, na pasiwe na ruhusa ya kuondoa juzuu yoyote peke yake isipokuwa kwa kuazimwa. Mkutubi aliniuliza kwa nini naihangaikia namba. Nikamweleza habari za Matsue. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba katika mfumo wao mpya wa kompyuta kila juzuu ni lazima iwe na namba yake, na kwamba jambo hilo nilipeleke kwa maandishi kwa mkurugenzi.

Nimeshaandika barua. Mwanafunzi, kwa upande wake, ameomba juzuu ya kumi ndiyo iharakishwe.